Mizani Haioni Ndani ya Damu

Kosa nitakaloliweka wazi hapa ni kosa la kusifu bila kuuliza. Tunamwona mtu amepungua, tunampigia makofi, tunamwita mwenye nidhamu, na hatushughuliki kujua anakula nini, anatapika nini, wala damu yake imebakiwa na nini. Ni kosa la watu wema. Kwa sababu hiyo halikemewi kanisani wala ofisini, na sisi wa hospitali, tuliopaswa kulikemea, mara nyingi ndio tunaoanzisha makofi hayo tukiwa tumesimama kando ya mizani.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya lishe. Mimi nimeiacha mapema kuliko wenzangu. Mgongo umenistaafisha kabla ya umri, na sasa ninalima maharage na dodo, mchicha wetu, huko Masaka pembeni mwa mji, nikisoma vitabu vyangu mchana bila mtu kuniita wodini. Wauguzi wa kliniki niliyoitumikia hapa Kigali waliniita Pasta, ingawa sijawahi kusimama kwenye madhabahu yoyote. Walidai kwamba sitoi kidonge bila mahubiri. Walisema kweli, na kama hampendi mahubiri, basi vumilieni, kwa maana vidonge vipo pia.

Nilipoanza, kazi ya mtu wa lishe ilikuwa kuongeza. Tuliongeza mafuta kwenye uji wa mtoto, tuliongeza karanga, tuliongeza uzito, na mshale wa mizani ulipopanda tulishangilia. Miaka ikapita, mji ukapanda juu ya vilima vyake, watu wakakaa zaidi na kutembea kidogo, na siku moja nikajikuta mbele ya wagonjwa wa namna mpya: watu waliokuwa wamekatwa tumbo ili wapungue. Upasuaji huo hufanywa kwa namna zaidi ya moja, lakini maana yake ni kwamba tumbo hufanywa mfuko mdogo, na katika namna nyingine chakula hupitishwa njia ya mkato, kikaruka sehemu ya utumbo iliyokuwa na kazi ya kufyonza madini na vitamini. Sina ugomvi na upasuaji huo. Nimewaona watu waliokuwa wakipumzika mara kadhaa kwenye ngazi moja wakizipanda huku wanazungumza. Nimeona sukari ya mtu ikitulia baada ya kuhangaika nayo muda mrefu. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani kwamba tumbo likipunguzwa, basi na mahitaji ya mwili yamepunguzwa. Mwili unaendelea kudai madini yake ya chuma, kalsiamu yake, vitamini B12 yake na D yake kama ulivyodai jana. Tena wengi wanaingia chumba cha upasuaji tayari wamepungukiwa, kwa kuwa mwili mkubwa si ushahidi wa damu iliyokamilika. Pimeni damu kabla, pimeni baada, na msikubali kuambiwa kwamba mtu yuko vizuri kwa sababu suruali yake imelegea.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye karakana ya kuchomelea mageti kule Kimisagara. Alikatwa tumbo, akapungua, kisha akaanza kuishiwa pumzi na kutafuna barafu kama mtoto anavyotafuna muwa. Nikamwambia kwamba damu yake imepungukiwa na chuma.

"Pasta," akasema, "mimi navuta moshi wa chuma tangu asubuhi. Nguo zangu iko na chuma, kucha iko na chuma. Na bado unasema sina chuma?"

Nikamuuliza anavimezaje vidonge vyake. Akanijibu kwa fahari kwamba anameza vyote kwa pamoja, vya chuma na vya kalsiamu, kwa kikombe cha chai ya maziwa, "ili visafiri pamoja." Nikamweleza kwamba vikisafiri pamoja hugombana njiani, kalsiamu humzuia chuma mlangoni, na chai nayo humshika shati. Chuma apewe saa yake, na maji, ikiwezekana na chungwa, kalsiamu ije saa nyingine kabisa, chai isubiri. Tangu siku hiyo alizoea kunipigia simu: "Pasta, chuma ameshaondoka, kalsiamu bado anangoja basi la pili." Alipona, na nilimpenda kwa sababu aliuliza. Wagonjwa wanaokubishia watakupa kazi ndogo kuliko wanaokuitikia.

Aliyenifundisha kutazama ni mtawa, Sista Godeliva, aliyesimamia wodi yangu ya kwanza. Alikuwa haniruhusu kugusa karatasi ya maabara kabla sijamgusa mgonjwa. "Karatasi ni shahidi wa pili," alisema. "Shahidi wa kwanza amelala mbele yako." Alinifundisha kushusha kope la chini na kutazama wekundu wake, kutazama ulimi, kutazama kucha, na mwisho kumwambia mgonjwa atembee hadi dirishani na kurudi. Niliudhika, maana nilikuwa nimesoma. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananisomesha kitabu kisichochapishwa.

Sasa nifike kwa Mama Ineza.

Alikuwa na duka la vitenge Niboye na sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake. Jina lake nimelibadilisha. Amenikubalia kuisimulia habari hii kwa masharti mawili: nisimfanye mwema kuliko alivyokuwa, na jina la wifi yake nisilibadilishe. Huyo wifi, mke wa kaka yake, nitamwita wifi mpaka mwisho. Jina lake lilichafuliwa mno katika mtaa ule, na ninataka mlisikie baada ya kumjua mwenyewe.

Mama Ineza alikwenda kufanyiwa upasuaji nje ya nchi, na wifi yake ndiye aliyemsindikiza. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutolewa mawe ya nyongo. Aliona aibu. Katika mji wetu, mtu akikonda kwa kujinyima huonekana shujaa, akikonda kwa kisu huonekana mvivu aliyenunua njia ya mkato. Na upuuzi huo unasemwa hata na watu wenye shahada. Akamwapisha wifi yake kutosema, naye akaapa.

Aliporudi akaanza kupungua, na makofi yakaanza.

"Mama Ineza, mbona umekuwa msichana? Tuambie siri!"

"Siri gani? Nimeacha ugali wa usiku, nimefunga, nimeomba."

Sentensi hiyo moja ilimfunga. Mwenyekiti wa akina mama alimsimamisha mbele ya mkutano azungumze juu ya kujitawala, naye akazungumza, tena vizuri. Baada ya hapo angewezaje kuonekana akimeza vitamini za mtu aliyekatwa tumbo? Vidonge vyake akaviacha kwa wifi, kule Masaka. Kila wiki alipanda pikipiki kwa kisingizio cha kununua mboga shambani, akachukua vya wiki moja, akavifunga kwenye pembe ya leso.

Pia hakuweza kula kama alivyoelekezwa. Mgeni anayekula vijiko vitatu na kusukuma sahani, kwetu, amemtukana mwenye nyumba. Kwa hiyo kila alikoalikwa alikula kama wengine, haraka, akitabasamu, kisha akatafuta choo na kutapika. Mwanzoni ilikuwa mara chache. Baadaye ikawa kila anapokula, hata maji.

Ubatizo wa mtoto wa kaka yake ulifanyika Masaka, na wifi ndiye aliyepika. Kulikuwa na isombe ya majani ya muhogo, sambaza, vile visamaki vya ziwani, na mtindi wa kwetu, ikivuguto. Kama desturi ilivyo, mwenye kupeleka kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba hakina jambo. Wifi akaonja, akampa Mama Ineza. Mama Ineza akanywa. Na safari hii hakuwahi kufika chooni.

Katika nchi yetu, mtu anapotapika mbele ya watu kwenye karamu, neno la kwanza linalopita vichwani si ugonjwa. Shangazi yao, Bernadeta, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ndiye aliyelitamka.

"Amepewa sumu."

"Shangazi, mke wangu ameonja mbele yako," kaka akasema.

"Alionja juu. Sumu iko chini."

Mama Ineza alikuwa na neno moja la kumwokoa wifi yake, nalo alilimeza. Katika wiki zilizofuata alitapika kila kitu isipokuwa neno hilo. Shangazi akampeleka kwa mganga wa mitishamba anayejulikana kwa kuwatoa watu sumu, na tiba yenyewe ni kumtapisha mgonjwa. Fikirini jambo hilo, vijana wangu: mwanamke anayekufa kwa kutapika, anapewa dawa ya kumtapisha zaidi. Tena akakatazwa kukanyaga Masaka, kilikokuwa chakula cha damu yake. Wifi alipoona wiki imepita bila kumwona, alivileta vidonge mwenyewe ndani ya kibati hadi getini Niboye. Shangazi akakipokea kibati, akaenda moja kwa moja, akakitumbukiza chooni.

"Mchawi hapewi shukrani," akasema. "Rudi kwako."

Hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo. Wifi yule angeweza kujisafisha kwa sentensi moja. Majirani waliacha kununua nyanya zake. Watoto wake waliambiwa shuleni kwamba mama yao anapika watu. Mumewe mwenyewe alimwuliza mezani, nusu akimwamini: "Kuna kitu unanificha?" Akamjibu: "Muulize dada yako. Mdomo wangu uliahidi." Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya uaminifu. Sijui kama katika hivyo vyote nimekutana na jibu lililonyooka kuliko hilo.

Mama Ineza aliletwa kwenye kliniki yetu alasiri moja, akishikiliwa na kaka yake huku na Shangazi huku. Daktari wa zamu alikuwa kijana aitwaye Eric, mwenye bidii. Tulimwambia mgonjwa atembee hadi dirishani; alitembea kama mtu aliye juu ya mtumbwi, miguu imeachana, akashika ukuta. Nilipomwambia afuate kidole changu, macho yake yalicheza-cheza, hayakutulia. Alijua jina lake, lakini alisema yuko dukani na kwamba mimi nimekuja kununua kitenge cha bluu. Alama ndogo za upasuaji tumboni tuliziona. "Ni za nyongo," akasema Shangazi, naye aliamini hivyo. Eric aliwaza malaria iliyopanda kichwani, akawaza homa ya uti wa mgongo, akawaza sumu kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa. Na kwa kuwa mgonjwa hakuwa amekula kwa muda mrefu, akaagiza dripu ya sukari. Daktari yeyote mwenye huruma angeagiza hivyo.

Muuguzi alikuwa ameshafunga mpira mkononi mwa mgonjwa aliposikika mtu anakimbia kwenye veranda. Kaka mtu alikuwa amempigia mkewe simu: macho ya dada yanacheza, hanitambui. Wifi akaingia na kofia ngumu ya pikipiki bado kichwani, kioo chake kimejaa vumbi la Masaka.

Shangazi alisimama mlangoni kama nguzo. "Umekuja kummalizia?"

"Shangazi, nitukane baadaye, nitakuja mwenyewe unitukane. Nipishe." Akapita chini ya mkono wake. "Daktari, huyu tumbo lake lilikatwa. Si nyongo. Mimi nilikuwa naye. Tumbo lilikatwa apungue, na vitamini hajameza tangu ubatizo, na anatapika tangu kabla ya hapo. Walituambia akitapika bila kuacha tumkimbize hospitali. Nilinyamaza kwa sababu aliniapisha. Sasa sinyamazi."

Hata kofia hakuivua.

Eric na mimi tulitazamana, na jambo likajipanga lenyewe. Kuna vitamini iitwayo B1. Mwili hauna ghala kubwa la kuihifadhi. Akiba yake ni ya wiki chache, na mtu anayetapika huimaliza upesi. Ikiisha, ubongo unaanza kuumia, nao husema kwa njia tatu: macho yanayocheza, miguu inayoyumba, akili inayopotea. Na sukari inapoingia mwilini hutumia B1 ili iunguzwe. Ukimpa mtu wa namna hii sukari peke yake, unachukua tone la mwisho lililobaki. Angeweza kupotelewa na kumbukumbu moja kwa moja, au kufa, tukiwa tumemzunguka kwa nia njema.

"Simamisha dripu," Eric akasema kabla sijafungua mdomo. "B1 kwanza, ya mshipani, dozi kubwa. Sasa hivi." Ninamheshimu mpaka leo kwa kutobishana na ukweli kwa sababu umekuja umevaa kofia ya pikipiki.

Shangazi Bernadeta aliketi kwenye benchi taratibu. "Yesu wangu," akasema, si kwa sauti ile ya bondeni. "Na mimi nimemtapisha."

Wifi akavua kofia, akaketi karibu naye, akaiweka kofia katikati yao.

Nimewaambia kwamba mimi ni mtu wa mahubiri, basi nihubiri mara moja. Siri ya mgonjwa hutunzwa kwa ajili ya mgonjwa. Wapo wanaoifungua ili wajisafishe wao, na wapo wanaoifunga hata inapomuua mwenye siri, wakajiita waaminifu. Yule mwanamke hakuifungua ilipokuwa inamchoma yeye. Aliifungua ilipofika kwenye uhai wa mwenzake, na aliifungua mbele ya yule yule aliyemwita mchawi. Je, angepaswa kusema mapema, pale getini? Nilimwuliza. Akasema, "Ndiyo. Nilidhani vidonge vingetosha." Hakujitetea kwa neno lingine. Nanyi msiache jambo hilo litegemee ujasiri wa wifi wa mtu. Kila anayepungua haraka, mwulizeni akiwa peke yake, mlango umefungwa, bila kucheka: je, umefanyiwa upasuaji wa tumbo? Unatapika? Vidonge vyako viko wapi? Ulizeni kwa namna ambayo jibu lolote halitamfanya mdogo.

Macho ya Mama Ineza yalianza kutulia upesi. Miguu ilichelewa. Akili ndiyo iliyotutia hofu, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao hairudi yote. Kila asubuhi nilipofika kitandani nilimwonyesha wifi, aliyekuwa akikesha hapo wodini, nikauliza: "Huyu ni nani?" Siku moja alijibu kwamba ni mwalimu wake wa shule ya msingi. Siku nyingine, muuza mkaa. Hakuwa anadanganya, akili iliyopoteza jambo huokota chochote kilicho karibu na kujaza pengo. Wifi alicheka kila mara, akasema, "Mkaa nitauza, usijali," kisha akatoka nje kwenye veranda, na mimi nikajifanya kusoma karatasi.

Tulirekebisha mengine pia, kwa kuwa B1 haikuwa imeondoka peke yake. Chuma kilikuwa chini, B12 tukampa kwa sindano, vitamini D ilikuwa duni licha ya jua letu lote. Uji mwepesi ukaingia kijiko kwa kijiko, kisha yai, kisha sambaza zilizopondwa.

Nilikuwepo Jumapili ile wanakwaya walipokuja baada ya ibada, wamevaa sare, wamejaa chumba. Mwenyekiti wa akina mama aliinama juu ya kitanda.

"Yewe, hata kitandani!" akasema kwa upendo wa kweli. "Angalieni kiuno. Umezidi kupendeza, Mama Ineza!"

Wenzake wakacheka na kupiga makofi kidogo, kwa adabu ya hospitali. Mgonjwa hakucheka. Alikuwa akiwatazama, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa.

Wifi alikuwa amemimina uji kikombeni. Kwa mazoea akauinua aonje kwanza, kama desturi ilivyo. Shangazi Bernadeta akanyoosha mkono, akakichukua kikombe kabla hakijafika mdomoni mwake. "Usionje," akasema mbele ya watu wote. "Usionje tena." Akakipeleka mwenyewe kwa mgonjwa.

Mama Ineza akanywa funda moja, akausukuma mkono wa shangazi pembeni.

"Polepole. Tumbo langu ni dogo," akasema. "Lilikatwa. Sikufunga, wala sikuacha ugali. Lilikatwa, na nikawadanganya."

Makofi yakakoma. Nami nikasogea kitandani, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliogopa swali langu mwenyewe. Nikamwonyesha mwanamke aliyesimama na mikono mitupu.

"Mama Ineza, huyu ni nani?"

Alimtazama muda mrefu, kisha akanigeukia kwa hasira, hasira nzuri ya mtu mwenye akili timamu.

"Pasta, kila siku unaniuliza kama mtoto. Huyu ndiye mliyemwita mchawi nami nikanyamaza. Huyu ni wifi yangu. Donatila."